Sura ya Tatu: Aliyeita Jina Alisimama Wapi?

Kama ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika, kwa nini unaitwa kilima? Mwalimu wa jiografia huulizwa swali hili na mwanafunzi wa darasa la tano. Mwongoza watalii huulizwa na mgeni aliyeanza kujifunza Kiswahili juzi. Wazee wa Marangu huulizwa na wajukuu wanaopanda kutoka Dar es Salaam kila Desemba. Majibu hayakosekani. Yapo mengi mno, na kila mtu hulitoa la kwake kwa uhakika wa aliyekuwapo siku jina linatolewa.

Katika sura hii tutayapitia majibu hayo, lakini kwanza tujifunze kuuliza swali jingine, ambalo husaidia kuliko lile la maana: aliyeliita jina hili alikuwa amesimama wapi? Alikuwa juu ya mlima au chini yake? Alikuwa akitafuta maji, akipitisha msafara, akikusanya kodi au akichora ramani? Ukilijua hilo, maana ya jina mara nyingi hujitokeza yenyewe. Usipolijua, utapewa maana tamu ambayo haina mizizi.

Tutaanza na jina la mlima mzima, kisha tushuke Moshi mjini, tupite barabara ya Himo, tupande hadi migombani Marangu, na tumalizie barafuni. Utaona kwamba kadiri unavyopanda, lugha ya majina hubadilika.

## Wa mbali ndiye aliyeuona mzima

Mtu wa Marangu, katika mazungumzo yake ya kila siku, haishi Kilimanjaro. Anaishi Mshiri, Samanga, Ashira au Lyamrakana. Akiinua macho asubuhi kabla mawingu hayajafunga, anaiona Kibo, anaiona Mawenzi, na kila moja anaiita kwa jina lake. Huo mlima wote, kuanzia tambarare hadi theluji, ni kwao, na mtu hana haja ya jina refu kwa mahali anapolala na kuamka.

Anayehitaji jina la mlima mzima ni aliye mbali. Wamaasai, wakichunga ng'ombe kwenye nyika za magharibi na kaskazini, waliuita Ol Doinyo Oibor, yaani Mlima Mweupe. Wakamba, waliokuwa wafanyabiashara wa safari ndefu, waliuita Kiima Kyeu, na maana ni hiyohiyo. Misafara ya Waswahili iliyotoka Mombasa na Pangani iliuita Kilimanjaro. Makabila mbalimbali, lugha mbalimbali, lakini wote wamesimama chini wakitazama juu.

Mwaka 1845 msomi mmoja wa Uingereza, William Cooley, aliandika habari za mlima maarufu wa Afrika Mashariki aliouita Kirimanjara. Cooley hakuwahi kukanyaga huku. Habari alizipata kwa watu walioijua biashara ya misafara. Miaka mitatu baadaye, Mei 11, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akiongozwa na mtu wa pwani aliyeitwa Bwana Kheri, aliuona weupe wa kilele kwa macho yake. Alipouliza weupe ule ni nini, kiongozi wake alijibu kwa neno alilokuwa nalo: baridi. Rebmann aliandika jina la mlima kama Kilimansharo, na baada ya kufika kwa Masaki, Mangi (yaani chifu) wa Kilema, akaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: wenyeji wenyewe huiita ile theluji Kibo. Cooley naye, akiwa London, alishikilia kwa miaka mingi kwamba habari ya theluji karibu na ikweta ni ndoto za mmisionari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo tuna jambo la kwanza lililo thabiti. Kilimanjaro ni jina la msafara. Lilikuwa midomoni mwa wapagazi na wafanyabiashara kabla halijaandikwa na Mzungu yeyote, na halikuwa jina la nyumbani la watu wa mlimani.

Hata jina "Wachagga" lilipita njia hiyohiyo. Rebmann na mwenzake Ludwig Krapf waliandika "Jagga" kwa sababu ndivyo watu wa pwani walivyoiita nchi ile. Wenyeji walijitambulisha kwa umangi wao: huyu Mmarangu, yule Mmachame, yule Mkibosho. Jina moja la wote lilikua pamoja na mashamba ya kahawa, shule na ushirika, na mwaka 1952, Thomas Marealle wa Marangu aliposimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, jina la nje lilikuwa limekwisha kuwa la ndani.

Kwa ufupi: aliye mlimani huita vilele na vijiji, aliye mbali huuita mlima. Jina Kilimanjaro lilitoka kwa waliopita.

## Kilima gani hicho?

Sasa turudi kwenye maana. Maelezo yanayosikika zaidi ni haya:

1. Kilima na njaro. Kilima ni kilima cha Kiswahili. Njaro hutafsiriwa kwa namna nyingi: ukubwa, weupe, kung'aa, au pepo wa baridi. Krapf alisema ni mlima wa ukubwa au mlima wa misafara.
2. Kilema na kyaro. Haya ni maelezo ya Kichagga. Kilema ni kilichoshindikana, na kyaro ni safari. Yaani mlima uliowashinda wasafiri. Wengine husema ni ndege aliyeshindwa kufika juu.
3. Maji ya Wamaasai. Wengine huhusisha njaro na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji au chemchemi, kwa kuwa mito ya nyika yote ile hutoka kwenye mlima huu.

Tuyapime. Maelezo ya kwanza hupingwa kwa hoja ile ya mwanafunzi wa darasa la tano: mlima ni mkubwa, kilima ni kidogo. Hoja hii ina nguvu ukikaa ndani ya Kiswahili cha shuleni tu. Ukitoka nje kidogo inalegea. Kwa Wakikuyu mlima ni kirima. Kwa Wakamba ni kiima. Katika lugha hizi za jirani, ki- hiyo haidogoshi kitu. Mkamba aliyeongoza msafara hakuona ajabu kuuita mlima mkubwa kwa neno linaloanza na ki-, na Mswahili aliyetembea naye miezi miwili porini alisikia anachosikia. Kumbuka pia Cooley aliandika Kirimanjara, yenye "r" katikati. Hivyo swali la kilima kidogo si kikwazo kikubwa kama linavyoonekana.

Maelezo ya pili ni matamu, na watu wa Marangu huyapenda kwa sababu yanawapa mlima kwa lugha yao. Lakini yana mtihani mgumu. Kama jina lilitungwa na wenyeji kwa lugha yao, kwa nini Rebmann alipofika Kilema aliambiwa Kibo? Watetezi hujibu kwamba wapagazi walisikia Wachagga wakisema "kilemakyaro" walipoulizwa kama kilele kinapandika, wakalichukua kuwa jina. Hilo linawezekana, majina mengi duniani yalizaliwa kwa mgeni kuuliza swali na kuandika jibu la swali jingine. Ila hata hapo aliyelifanya kuwa jina la mlima ni mpita njia.

Maelezo ya tatu hubeba ukweli mmoja, kwamba majina ya Kimaasai ya maji yamejaa pande zote za mlima, na tutayakuta muda si mrefu. Lakini kwa Kimaasai mlima ni ol doinyo, na mlima huu ulikwisha kuwa na jina lake kamili kwa lugha hiyo.

Mizani inalalia upande wa kilima cha misafara. Neno njaro bado linagombewa, na atakayekuuzia maana yake moja bila shaka yoyote, mdai ushahidi.

## Moshi, Mamba, Kilema na masikio ya Kiswahili

Msafiri asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili akitembelea wilaya za mlima huu atapata mshangao. Atavuka karanga, atapita uru wa karata, atafika kwenye siha njema, atapanda kwa mamba, atakutana na kilema, na jioni atalala kwenye moshi. Karanga, Uru, Siha, Mamba, Kilema na Moshi zote ni mahali halisi. Na hakuna hata moja ambayo unaweza kuieleza kwa kufungua kamusi ya Kiswahili, kwa sababu waliozipa majina hawakuwa wakisema Kiswahili. Mamba ya jirani na Marangu iko juu, kwenye migomba na kahawa, na mamba wa mtoni haishi huko.

Hii tuiite maana ya kubandika: jina linakuwapo kwanza, kisha mtu wa lugha nyingine anasikia ndani yake neno la kwao, analibandika, na baada ya muda hadithi inatungwa kuunga mkono.

Moshi ndio mfano bora. Wengi husema mji ulipewa jina kwa sababu ya moshi wa garimoshi. Wengine husema ni moshi wa volkano. Chukua kalenda. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi na kufunguliwa mwaka 1912. Lakini mvumbuzi Mjerumani Karl von der Decken alifika Moshi mwaka 1862, na mmisionari Charles New alipokewa na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1871. Jina lilitangulia treni kwa nusu karne. Volkano nayo haisaidii: mara ya mwisho Kibo kulipuka ni zaidi ya miaka laki moja iliyopita, kabla hapajawa na Mchagga wala Mbantu yeyote wa kutoa jina.

Sasa panda hadi Old Moshi, ulipokuwa umangi wenyewe, alikotawala Rindi na ambako mwanawe Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Sikiliza wazee wanavyolitamka jina la kwao: Mochi. Lugha yao ni Kimochi, na kata mojawapo bado inaitwa Kimochi. Mswahili wa pwani alisikia Mochi, ulimi wake ukatamka Moshi, na masikio ya waliomfuata yakaona moshi. Reli ilipofika, ilisimama chini tambarare, mji mpya ukakua huko na kulichukua jina la umangi wa juu. Ndiyo maana leo mlimani kuna "Old Moshi" na chini kuna mji.

Mambo haya hayako Tanzania peke yake. Kwenye pwani ya magharibi ya Scotland, ambako majina mengi ni ya Kigaeli, lugha ya zamani ya watu wa huko, kuna mji mdogo wa bandari uitwao Portree katika kisiwa cha Skye. Watu wengi huutafsiri "Bandari ya Mfalme", na hadithi inaongezwa kwamba Mfalme James wa Tano alipita pale mwaka 1540. Wachunguzi wa Kigaeli waliosikiliza matamshi ya wazee wa kisiwani wanasema jina ni bandari ya mteremko, jambo linaloonekana kwa macho kwa yeyote anayeshuka ufukweni. Portree ilipata mfalme wake na Moshi ikapata treni yake. Katika sehemu zote mbili ushahidi ulikuwa mdomoni mwa wazee, na ramani iliandikwa na wasiojua lugha.

Kwa ufupi: kufanana kwa sauti si ushahidi. Tafuta matamshi ya wenyeji, kisha linganisha tarehe.

## Barabara ya Himo

Panda haisi kwenye stendi ya Moshi, umsikilize konda akiita abiria: Kiboriloni, Uchira, Njia Panda, Himo, Marangu Mtoni. Katika pumzi moja ametaja majina ya tabaka mbalimbali. Njia Panda ni jina la barabara. Limetolewa na wenye magari mahali ambapo anayekwenda Dar es Salaam huachana na anayekwenda Himo na Holili. Marangu Mtoni ni jina la soko na kituo, mahali daraja lilipo na ambapo watu hushuka na mizigo. Ukiendelea juu kuna Marangu Getini, panapoanzia hifadhi. Majina haya ya Kiswahili hayana fumbo lolote. Yalitolewa na watu wanaoagana: "Nishushe mtoni," "Tukutane getini."

Mjini Moshi kwenyewe kuna jina moja ninalolipenda kuliko yote, Njoro ya Dobi. Kimaasai chemchemi ni enchorro, na mahali pengi penye chemchemi, hadi Kenya, paliitwa Njoro. Moshi ilipokuwa mji, waosha nguo wakawa wanafulia kwenye maji yale, nao Waswahili waliwaita madobi, neno lililokuja na Wahindi. Kwa maneno matatu mafupi umepata historia ya mji: mfugaji aliyenywesha ng'ombe, Mswahili aliyeunganisha kwa "ya", na Mhindi aliyeleta kazi ya dobi. Jirani yake kuna Njoro ya Goa, inayotaja Wagoa. Hakuna kamati iliyokaa kuyatunga.

Ukizunguka magharibi ya mlima, majina ya maji ya Kimaasai yanakuwa wazi zaidi, kwa sababu huko ndiko ng'ombe walikoshuka kunywa. Enkare ni maji. Ngare Nairobi, katika wilaya ya Siha, ni maji baridi, na jiji kuu la Kenya limebeba jina hilohilo likiwa limebaki na baridi bila maji. Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, ni maji mekundu, na Nanyuki ya Kenya ni ndugu yake. Mfugaji hakujali kilele kina umbo gani. Alitaka kujua maji yako wapi, yana rangi gani, na ng'ombe atayanywa au atayakataa. Majina yake ni maelekezo.

## Kwenye migomba

Ukianza kupanda kutoka Himo, baada ya kilomita chache nyika inakwisha, migomba inaanza, na lugha ya majina inageuka kuwa Kichagga. Hapa Marangu lahaja ni ya Kivunjo. Marangu yenyewe wenyeji huieleza kwa maji: mahali pa chemchemi nyingi. Anayeitazama nchi hashangai. Vijito vinashuka kila bonde, na maporomoko kama Kinukamori, Kilasiya na Ndoro yako umbali wa kutembea kwa miguu.

Majina ya vijiji na vitongoji yana mbinu zake. Katika Kivunjo, "ko" hufanya kazi ya "kwa" ya Kiswahili. Ko mangi ni kwa mangi. Ukiona Komela, Kotela au Komakundi, uliza kwanza kama ndani yake kuna mtu au ukoo. "Lya" hufanya kazi ya "la". Hivyo Lyamungo, Lyamrakana na Lyasongoro huenda zilianza kama "la fulani", na lile neno lililotangulia, lililotaja kitu chenyewe, likadondoka njiani kwa kuwa kila mtu alilijua.

Kwa nini watu watajwe sana? Kwa sababu kwenye migomba, jina ni hati. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, kilirithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia unaochimbwa kwa mikono kutoka kijito cha juu na kuzungushwa mlimani kwa kilomita kadhaa, mara nyingi uliitwa kwa jina la aliyeuchimba, na ukoo wake ulikuwa na sauti ya kwanza katika zamu za maji. Anayejua majina ya mifongo ya mtaa wake anajua nani alifika mwanzo na nani ana haki gani. Mtu anapolipotosha jina la mfongo barazani, wazee humrekebisha papo hapo, kwa sababu kesho neno hilo litasikika kwenye kesi ya maji.

Majina mengine hubeba hadithi ya kufundisha. Pale Kinukamori utaambiwa habari za Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Kwa hofu ya adhabu alikwenda kujitupa kwenye maporomoko, akaghairi, lakini alipogeuka akamkuta chui nyuma yake, akaanguka. Sanamu yake na ya chui zimewekwa pale. Hadithi hii inaeleza vizuri jinsi wasichana walivyotishwa na malezi ya wakati ule, hata kwa asiyeikubali kuwa ndiyo asili ya jina.

Vilele navyo vina simulizi. Kibo huelezwa kuwa chenye madoadoa, kwa miamba myeusi iliyochomoza kwenye theluji. Mawenzi huelezwa kuwa kilichovunjika juu. Wazee husimulia kwamba Mawenzi na Kibo walikuwa majirani. Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba kaa, na kila akienda hukaribishwa chakula. Alipozidisha, Kibo alishika mchi akamtwanga kichwa, na ndiyo sababu kilele cha Mawenzi kimechongoka na kumeguka mpaka leo. Majina yote mawili yanataja kinachoonekana kwa jicho la mtu aliyesimama migombani. Umbali wa wastani, jina la wastani: anaona sura ya kila kilele, na sura hiyo ndiyo anayoitaja.

## Barafuni

Vuka geti, upite msitu, na lugha inabadilika tena. Kituo cha kwanza kwenye njia ya Marangu, kama mita 2,700 juu ya bahari, ni Mandara. Cha pili, karibu mita 3,700, ni Horombo. Yote ni majina ya mamangi. Mandara ndilo jina la pili la Rindi wa Moshi. Horombo alikuwa mangi wa Keni, upande wa Rombo, aliyejenga ngome za mawe na kuzitawala nchi nyingi za mashariki ya mlima mwanzoni mwa karne ya 19.

Mtu angedhani majina hayo ni ya tangu zamani. Sivyo. Vibanda vya kwanza vilijengwa na Wajerumani, na Mandara iliitwa Bismarck, kwa heshima ya kansela wao, na Horombo iliitwa Peters. Huyo ni Carl Peters, aliyekuwa kamishna wa serikali ya Kijerumani hapa Kilimanjaro mwaka 1891, akamnyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja, na mwaka 1897 akafukuzwa utumishi na mahakama ya nidhamu ya nchi yake mwenyewe. Hata hivyo kibanda kilibeba jina lake kwa miongo mingi.

Kilele nacho kilipitia hayo. Oktoba 6, 1889, wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliopumzikia Marangu kwa Mangi Marealle, walifika juu, na Meyer akakiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, Ncha ya Kaisari Wilhelm. Desemba 1961, usiku wa uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimika pale bendera na Mwenge, na mita 5,895 zikawa za Uhuru. Kubadili jina kilikuwa kitendo cha kutwaa, kama kulitoa kulivyokuwa.

Lakini angalia yaliyobaki. Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, ni jina la Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika pale mwaka 1921. Stella Point ni Stella Latham, aliyepanda na mumewe mwaka 1925. Kreta ya Reusch ni mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Marangu na kupanda mlima mara nyingi kuliko watu wa wakati wake. Barafu zenyewe zilipewa majina ya Wajerumani, wengi wao wasomi: Rebmann, Decken, Kersten, Ratzel, Penck, Credner.

Kwa nini hapa hakukuwa na jina la Kichagga la kurejesha? Kwa sababu mwenyeji alipanda msituni na nyikani kwa asali, kuni na uwindaji, lakini barafuni hakukuwa na shughuli ya kumpeleka. Alikuwa na jina moja la kilele kizima, Kibo, na lilimtosha. Aliyegawanya barafu vipande na kutia kila kipande jina alikuwa na kalamu na ramani. Kiswahili kimepanda baadaye, mgongoni mwa wapagazi, na ndicho kilichoiita kambi ya mwisho ya njia ya Machame jina lisilomsifu mtu yeyote: Barafu.

Na sasa majina ya wasomi yanapoteza vitu vyake. Kati ya 1912 na 2011, barafu ya Kibo ilipungua kwa takriban asilimia 85. Baadhi ya majina hayo yatabaki kwenye ramani za zamani yakionyesha mahali palipo na mwamba mtupu.

Kwa ufupi, majina kutoka chini kwenda juu:

- Nyikani: Kimaasai, kwa ajili ya maji na ng'ombe.
- Mjini na barabarani: Kiswahili, kwa ajili ya biashara na usafiri.
- Migombani: Kichagga, kwa ajili ya ukoo, ardhi na mifongo.
- Barafuni: Kijerumani na Kiingereza, kwa ajili ya ramani na sifa, kisha Kiswahili cha uhuru.

## Namna ya kupima maana ya jina

Ukisimuliwa maana ya jina la mahali, popote pale, ipitishe kwenye maswali haya kabla ya kuiamini:

1. Jina lilikuwapo kabla ya kitu kinachodaiwa kulizaa? Treni ya Moshi inaanguka hapa.
2. Wenyeji wazee wanalitamkaje? Si ofisi ya kata, si kibao cha barabarani.
3. Ni la lugha gani, na watu wa lugha hiyo walikuwa na shughuli gani mahali pale?
4. Linalingana na kinachoonekana ukiwa umesimama alipokuwa mtoa jina?
5. Nani ananufaika na maana hii? Ukoo unaodai ardhi, mji unaotaka watalii, au taifa linalojijenga?

Maana ikivuka maswali manne kati ya hayo, iandike. Ikivuka moja tu, isimulie kwa raha yake, lakini usiifundishe.

Kazi iliyobaki haimhitaji msomi kutoka mbali. Majina ya mlima na vilele yamekwisha kuandikwa vya kutosha. Yaliyo hatarini ni madogo: ya mfongo uliokauka baada ya maji ya bomba kufika, ya kilima cha nyuma ya shule, ya jiwe ambapo baraza lilikaa, ya kitongoji kilichomezwa na "Mashariki" na "Magharibi" za ofisi. Hayo yako vichwani mwa watu wenye umri wa miaka 80 na zaidi, na wajukuu wanaojaza mabasi ya Desemba ndio wenye simu za kurekodi. Msalimie kwanza kwa lugha yake, "Shimboni, mbe," kaa chini, na usianze na maana. Mwombe akutajie mifongo ya mtaa mmoja mmoja kuanzia juu, na aliyeichimba kila mmoja. Lirekodi jina kama alivyolitamka yeye, hata kama masikio yako yanasikia neno la Kiswahili ndani yake. Maana mtaitafuta baadaye. Jina lenyewe likipotea hakutakuwa na cha kutafutia.